Figo la Adelaïde na Njiwa wa Marcellin

Simu iliingia Jumanne asubuhi, Adelaïde akipalilia maharagwe kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yake, kule Nyamitaba. Namba ilikuwa ya mdogo wake Marcellin, mfanyabiashara wa Mubi. Aliiacha ilie kwanza. Marcellin alikuwa na desturi ya kupiga saa ambayo yeye ana nafasi, na kushangaa kwa nini mtu mwingine ana kazi.

Ilipolia mara ya tatu akapokea. Sauti haikuwa ya Marcellin. Ilikuwa sauti nene ya mwanaume aliyezoea kusema mbele ya watu wasiomjibu.

"Mama Adelaïde? Minaitwa Nabii Jérémie, wa Itebero. Niko naongea toka nyumba ya ndugu yako. Mungu anakuomba ukuje Mubi."

"Kufanya nini?"

"Kuachilia."

"Kuachilia nini?"

"Figo."

Adelaïde aliegemeza jembe begani. Nabii akaendelea bila kukata pumzi. Marcellin alikuwa anaumwa kichwa wiki ya tano sasa, alisema, na dawa zote za wazungu zimeshindwa. Ndipo Mungu akafunua siri: figo lile ambalo dada mtu alimpa halijakubali kukaa. Linamlilia mwenyewe. Adelaïde alilitoa kwa mkono lakini akalifunga kwa moyo, na kamba hiyo ndiyo inayovuta kichwa cha mgonjwa. Kwa hiyo inabidi aje, aweke mkono juu ya kovu, atamke mbele ya mashahidi kwamba ameliachilia.

"Papa Nabii," Adelaïde akasema, "hiyo figo iliniacha mwaka wa pili sasa. Haijanitumia hata salamu. Kama iko nalia, hainililii mimi."

Alikuwa anakaribia kukata simu aliposikia vurugu upande wa pili, kisha sauti ya Aurélie, mke wa Marcellin, akimwita kwa jina la binti yake, akinong'ona haraka kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Mama Nishimwe, kuja. Hapana kwa ajili ya huyu nabii. Kwa ajili yangu. Anatapika kila kitu. Hawezi kuona mwangaza. Jana aliniita kwa jina la mama yenu."

Mama yao alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita. Adelaïde akashusha jembe. "Minakuja," akasema, na papo hapo akajichukia kwa kukubali upesi hivyo.

Maana hakuwa na sababu yoyote ya kumkimbilia Marcellin. Mafigo ya bwana huyo yalipokauka kwa shinikizo la damu alilokataa kulitibu kwa miaka, ukoo ulikutana kutafuta wa kumpa moja. Kaka yao mkubwa akakumbuka ghafla kwamba aliwahi kuugua manjano utotoni. Wa pili akasema mke wake amekataa, mke ambaye katika nyumba ile hakuwahi kuruhusiwa kukataa hata rangi ya pazia. Wote wakageuza macho polepole kwa Adelaïde, mjane, mkulima, mwenye binti mmoja aliyeolewa mbali, kana kwamba mjane huwa na viungo vya ziada. Akapimwa, damu ikapatana. Wakapelekwa India. Akalala upande mmoja wa ukuta, Marcellin upande wa pili, na aliporudi Nyamitaba hakuweza kuinua ndoo kwa miezi mitatu. Marcellin yeye alirudi kama aliyeshinda uchaguzi. Kwenye sherehe ya shukrani alimshukuru Mungu, madaktari wa India, wachungaji wa pande zote mbili, hata rubani wa ndege. Adelaïde alikuwa nyuma ya nyumba akisonga bugali ya wageni. Aliisikia orodha yote hadi mwisho, akacheka peke yake mpaka mwiko ukamponyoka.

Safari ilimla siku tatu. Pikipiki hadi Masisi, nyingine hadi Nyabiondo, kisha ile njia ya kuingia Walikale, ambayo ni njia kwa jina tu. Matope hadi magotini, na kila baada ya vijiji kadhaa kamba imekatishwa barabarani na vijana wenye bunduki wanaouliza unakwenda wapi. "Kuachilia figo," Adelaïde aliwajibu kwenye kizuizi kimoja, kwa uchovu. Wakamtazama, wakashusha kamba.

Mubi alikuta malori yamezama tope katikati ya soko na pikipiki zinapita juu ya veranda za maduka. Nyumba ya Marcellin ilionekana toka mbali kwa sababu ya njiwa. Juu ya bohari lake alikuwa amejenga banda la mbao lenye madirisha ya rangi, na njiwa weupe wapatao arobaini walizunguka paa na kunya juu ya kila kitu.

"Hii ndege yote ni ya nini?" akamwuliza Aurélie pale mlangoni.

Aurélie alikuwa amekonda, macho mekundu. "Anasema Roho Mutakatifu alishuka kama njiwa. Docteur wa figo kule Goma alimukataza. Alimwambia, hapana kufuga njiwa, hapana kuku, hapana kuingia mu mashimo ya madini, hapana kugusa unga iliyooza. Akarudi huku akicheka. Akasema docteur wa namna gani anaogopa ndege. Kila Jumamosi anapanda mwenyewe kufagia banda, haruhusu mutu mwingine."

"Anafagia? Marcellin?"

"Ile tu njo anafagia."

Adelaïde akasonya. Mtu asiyejua ufagio wa nyumba yake uko wapi, alikuwa anapanda ngazi kila Jumamosi kuvuta vumbi la mavi ya ndege, kwa ajili ya utukufu.

Sebuleni walikaa wanawake saba wa kanzu nyeupe, na katikati yao Nabii Jérémie, mtu mfupi mwenye viatu vinavyong'aa kuliko dirisha. Mapazia yamefungwa. Marcellin alilala kwenye kochi, taulo machoni, amepungua hata suti yake ya kuombewa ilionekana ya mtu mwingine. Walikuwa wamemvalisha suti.

"Mwenye figo amefika," Nabii akatangaza, na kanzu saba zikaanza kuimba.

"Nyamazeni kwanza." Adelaïde hakupaza sauti. Wakanyamaza. Akamsogelea mgonjwa. "Marcellin. Ni mimi. Wapi inauma?"

"Kichwa," akasema Marcellin, kama anayeongea toka ndani ya pipa. "Dada, acha ulozi, kata hiyo kamba. Nitakufa."

Hata sasa, Adelaïde akawaza, hata akiwa hivi, bado kosa ni la mtu mwingine. Akageuka kwa Nabii. "Munataka niseme?"

"Weka mukono na useme, Mama. Kwa moyo."

Akaweka mkono upande wa kulia chini ya kitovu, pale ambapo kovu la Marcellin lilikuwa na ambapo kitu chake kilikuwa kinafanya kazi usiku na mchana bila kulipwa shukrani. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi dukani: "Figo, baki hapo hapo. Fanya kazi. Kwangu hakuna nafasi yako tena."

Mwanamke mmoja wa kanzu akasema amina kabla hajaelewa. Nabii akakunja uso. Lakini Adelaïde hakuwa anamtazama tena, kwa kuwa mwili aliougusa ulikuwa unachoma. Akataka kumnywesha maji. Akapitisha mkono chini ya kisogo ili ainue kichwa. Hakikuinuka. Mabega yote yaliinuka pamoja nacho kama ubao mmoja, na Marcellin akapiga yowe lililowatoa njiwa juu ya paa.

Kicheko kilichokuwa kinamkaa kooni tangu Nyamitaba kikamkauka. Aliwahi kuona shingo ya namna ile kwa mtoto wa jirani, na mtoto yule hakufika hospitali.

"Aurélie, amepelekwa wapi?"

"Kwa infirmier wa hapa. Thierry."

"Mwite."

Muuguzi Thierry alikuja anakimbia, koti lake jeupe mkononi. Alikuwa kijana mnyenyekevu, na Marcellin alikuwa amemtumia unyenyekevu ule vilivyo. "Mama, nilimupima malaria mara ine," akajieleza. "Mara ine haina. Lakini Papa Marcellin alisema yeye anajua malaria yake, nimutundikie kinini. Halafu akasema ni tifoide. Nikatibu tifoide."

"Alikwambia kama ana figo ya muntu mwingine?"

Thierry akageuka. Akamtazama Aurélie, naye akaangalia chini.

"Alikataza tuseme," Aurélie akajibu. "Hakutaka Mubi ijue. Watasema ana kipande cha mwanamuke."

Adelaïde alimtazama ndugu yake toka taulo hadi soksi. Nabii wa Itebero aliambiwa. Kanzu saba ziliambiwa. Mtu pekee ambaye hakuambiwa ni yule mwenye sindano.

"Muntu wa figo ya kupandikiza anakunywa dawa ya kushusha kinga," Thierry akasema, sasa kwa sauti nyingine kabisa, akimwinamia mgonjwa. "Ugonjwa wake haiko ugonjwa wetu sisi. Hii shingo... Mama, sina kitu hapa. Aende hôpital, Walikale. Sasa hivi."

Nabii akasimama mlangoni akanyoosha mikono. Akasema mgonjwa akivuka kizingiti kile kabla ya siku saba za maombi atakufa njiani.

"Basi utakuwa na kazi ya kumufufua," Adelaïde akasema. "Kichwa njo inauma, nyinyi munaombea tumbo. Toka mu mulango."

"Na hizo dawa za India nilimwambia aziache!" Nabii akafoka.

"Hakuziacha," Aurélie akasema. Ilikuwa mara ya kwanza asikike chumba kizima. "Nilimupa kila asubuhi na kila jioni. Nilimwambia ni vitamini."

Wakamlaza nyuma ya gari dogo la kubebea bidhaa, juu ya magodoro mawili, Adelaïde kichwani, Aurélie miguuni. Njia nzima hadi Walikale Marcellin aliwalaumu kwa mashimo ya barabara.

Daktari aliyewapokea aliitwa Geneviève Niyigena, na Adelaïde alipomwona alikata tamaa: katoto kenye viatu vya raba, nywele zimefungwa na utepe wa plasta. Lakini katoto kale kaliuliza maswali yaliyonyooka. Figo lilipandikizwa lini. Dawa gani, kipimo gani. Kichwa kilianza lini. Aurélie akatoa mfuko wenye vikasha vyote vya dawa, na daktari akavisoma kimoja kimoja huku akiandika.

Wakamlaza Marcellin ubavu, amejikunja kama jongoo. Sindano ndefu ikaingia mgongoni, chini kiunoni. Maji yalitoka kwa nguvu, yakapanda kwenye mrija wa kupimia hadi yakapita juu ya alama ya mwisho, na daktari akaachia kiasi polepole kwenye chupa. Kabla sindano haijatolewa, Marcellin alifungua macho yote mawili.

"Imetoka," akasema kwa mshangao. "Kile kitu kimetoka."

"Ni maji ilikuwa inabana ubongo," daktari akamwambia. "Itarudi. Tutaitoa tena."

Tone moja la maji yale liliwekwa kwenye kipimo kidogo cha karatasi, cha aina ambayo hospitali hutumia kwa wagonjwa wa UKIMWI. Dakika kumi, mistari miwili.

"Ni champignon," akasema Docteur Niyigena.

Marcellin akajitutumua. "Champignon? Mi sikulangi uyoga hata siku moja."

Adelaïde alilazimika kugeukia dirishani.

"Haiko uyoga wa kula, Papa. Ni kuvu. Ndugu ya ile inafanya mukate kuwa kijani, lakini ndogo, macho haiwezi kuiona. Inakaa mu mavi ya ndege, mu miti ya kuoza, mu vumbi. Sisi wote tunaivuta. Mwili yetu ina walinzi, wanaifukuza. Wewe walinzi wako tumewalalisha kwa dawa, ili wasipige figo ya dada yako. Kuvu imekuta mulango wazi. Imeingia mu mapafu, imepanda mu kichwa." Akageuza kalamu. "Unafuga ndege?"

Aurélie akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye machozi, akajifunika kitenge usoni. "Makumi ine," akasema. "Makumi ine, Docteur. Na anawafagilia mwenyewe."

"Siwezi kuapa kama ni wao," daktari akasema. "Hii kuvu iko fasi mingi, hapana kwa ndege tu. Lakini mimi singewafuga."

Marcellin akasema kwamba daktari wa Goma angepaswa kumweleza vizuri zaidi.

Ndipo likaja neno gumu. Daktari alitoka nje na simu, akaongea muda mrefu na yule mtaalamu wa figo wa Goma, akarudi akavuta kiti. Dawa inayoua kuvu hiyo ipo, alisema, ya kutundika mshipani. Lakini ni dawa kali, na mahali inapopiga kwanza ni kwenye figo. Ipo ya aina nyingine iliyo laini zaidi; ghala lao halina, wameiagiza Goma, na barabara kila mtu anaijua. Watamjaza maji mengi kabla ya kila chupa, watapima damu, watapunguza zile dawa za kulalisha walinzi. Hata hivyo figo linaweza kufa. Lakini wakingoja ile nyingine ifike, atakayekufa ni mwenye figo.

Marcellin hakumtazama daktari. Alimtazama dada yake, na Adelaïde akatambua kwamba tangu India hakuwahi kumtazama usoni.

"Dada," akasema. "Wewe unasema nini?"

"Unaniuliza mimi?" Adelaïde akamwinamia. "Juzi nilikuwa mulozi, nimefunga figo kwa kamba. Siku ya fête yako hata rubani alikuwa mukubwa kuliko mimi. Leo figo imekuwa yangu? Kwa kuwa inaweza kufa, njo unaniita mwenyewe?"

Marcellin akafumba macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa.

Adelaïde alitaka kuendelea. Alikuwa na maneno ya miaka miwili, yamepangwa vizuri, na hapakuwa na siku nyingine ambayo ndugu yake angeshindwa kuondoka chumbani. Lakini aliona kwamba angeyasema yote na lile figo bado lingekuwa mle ndani, linachuja, halijui mjinga liliyempata. Alilifikiria kama mtu anavyomfikiria binti aliyeolewa kwenye nyumba mbaya.

"Tia dawa, Docteur," akasema. Akatoka nje, akakaa nyuma ya jiko la wagonjwa, akafuta uso kwa ukingo wa kitenge, na mama mmoja aliyekuwa anaosha sufuria alipomwuliza kama amefiwa, akamjibu, "Bado. Ningefiwa, ningekuwa nimepumuzika."

Siku kumi na nne zilizofuata zilikuwa za taabu. Chupa ilipotundikwa Marcellin alitetemeka hadi kitanda kikatembea. Mara tano walimchoma mgongo kutoa maji. Kati ya mtetemeko na mtetemeko alipata nguvu ya kulalamika juu ya shuka, juu ya samaki, juu ya mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye, alisema, anapumua kwa makusudi. Adelaïde alimlisha, alimgeuza, akapewa na daktari kazi ya kupima mkojo kwenye chupa yenye alama na kuandika namba kwenye daftari. Alisoma darasa la sita tu, lakini namba zake zilikaa sawa kuliko za wauguzi. Siku ya sita mkojo ulipungua hadi robo. Siku ya saba ukapungua tena. Alizitazama zile namba zikishuka, akamlisha siku nzima bila kumkemea hata mara moja, hata Marcellin akauliza kama ameudhika.

Siku ya nane gari la misaada lilileta vichupa vichache vya dawa ile laini. Wakabadilisha. Siku ya tisa chupa ikajaa zaidi ya nusu.

Siku ya kumi, homa imeshuka, nani akatokea mlangoni kama si Nabii Jérémie, viatu vimepakwa rangi upya. Akatangaza kwamba maombi yake toka Itebero yamefika na Marcellin ameponywa.

"Ni wewe umeponyesha?" Adelaïde akamwuliza.

"Si mimi, Mama. Ni Mungu kupitia mimi."

"Basi kazi haijaisha." Akamwekea mikononi chupa ya mkojo, imejaa hadi shingoni, ingali na joto. "Peleka hii ku choo, kisha rudisha chupa. Namba nimeshaandika."

Nabii aliibeba mikono imenyooshwa mbele, kama mtu anayebeba nyoka, akapotelea uani. Chupa waliikuta juu ya ukuta. Yeye hawakumwona tena. Marcellin alitoa sauti fulani ndani ya mto wa kulalia, na Adelaïde akachukua muda kuelewa kwamba anacheka.

Siku ya kumi na tatu Docteur Niyigena alimkuta Adelaïde uani akianika nguo, akamwambia akae. Alikuwa na kile kitambaa cha kupima msukumo wa damu.

"Mimi haiko mugonjwa," Adelaïde akasema.

"Una figo moja. Mara ya mwisho walikupima wapi?"

"India."

"Mwaka wa pili?" Daktari alikuwa anapuliza kitambaa. "Walikwambia nini kule?"

Walimwambia apimwe kila mwaka. Alikuwa na karatasi yake, iko Nyamitaba ndani ya Biblia. Lakini kulikuwa na maharagwe, kulikuwa na muhogo, kulikuwa na ng'ombe aliyezaa vibaya, na zaidi ya hayo alijisikia mzima.

"Mia na sitini juu ya mia moja," daktari akasoma. "Hii njo iliua mafigo ya ndugu yako, Mama. Naye alikuwa anajisikia muzima."

Alisema bila ukali, lakini Adelaïde aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazamwa kwa macho yale yale ambayo yeye alizoea kumtazamia Marcellin, na yalikuwa mazito kuliko alivyofikiri. Akapewa vidonge, kimoja kila asubuhi. Hakubishana. Marcellin hakumweleza habari hiyo kamwe. Alimeza kidonge chake nyuma ya jiko.

Marcellin alitoka hospitali anatembea kwa fimbo. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu ambao daktari alisema huenda usiondoke. Figo lilipona, ila si lote. Damu ilionyesha limebaki na kama nusu ya nguvu yake. Alipewa vidonge vingine vya kuzuia kuvu, vya mwaka mzima au zaidi, na kwa sababu vidonge hivyo huongeza nguvu ya zile dawa za figo mwilini, ilibidi zipunguzwe na damu ipimwe mara kwa mara, jambo ambalo Mubi halifanyiki. Kwa hiyo akahamia Goma. Duka akamwachia Aurélie, na duka likaanza kwenda vizuri. Banda la njiwa Aurélie alilimwagia maji kwanza, kama Thierry alivyomfundisha, likalowa vumbi lisiruke, ndipo akalivunja, pua na mdomo amefunga kitambaa. Njiwa wenyewe walikaa siku mbili juu ya paa la jirani, kisha wakagawana miji.

Miezi saba baadaye Marcellin alifika Nyamitaba. Alishuka kwenye pikipiki taratibu, miwani nyeusi, barakoa usoni, akakuta Adelaïde ameketi uani mbele ya turubai, anapepeta na kuchambua maharagwe. Jirani yake, Mama Umuhoza, alikuwa upande wa pili wa ua wa miti, akijifanya anatafuta kuku.

Marcellin alibaki wima. Ilionekana ameandaa hotuba, na pia kwamba imempotea.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi," akasema mwishowe. "Nilikuita mulozi. Ulinipa figo, nikakuita mulozi."

"Sema kwa nguvu," Adelaïde akasema, mikono ikiendelea kuchambua. "Mama Umuhoza hajasikia."

Nyuma ya ua Mama Umuhoza akaacha kutafuta kuku. Marcellin akavuta barakoa chini, akajaza kifua.

"Nilimwita dada yangu mulozi! Alinipa figo yake, nikamwita mulozi! Nilikuwa mupumbavu!"

"Neno la mwisho sikukuomba," akasema Adelaïde. "Lakini limekaa vizuri."

Marcellin akacheka kidogo, akavuta kigoda karibu na turubai, akanyoosha mkono kwenye rundo la maharagwe ili amsaidie. Adelaïde akampiga kofi la mkono kabla hajagusa hata moja.

"Hii ina vumbi. Ingine imeoza chini. Una akili kweli?" Akamwonyesha kwa kidevu jiwe lililokuwa mbali, upande upepo unakotokea. "Kaa kule. Rudisha hiyo kitambaa mu mudomo. Na saa ya dawa ni saa ngapi?"

"Saa mbili ya usiku."

"Utakunywa nikiona."

Marcellin akasimama, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa kule alikoonyeshwa, barakoa imepanda hadi chini ya miwani. Kutoka huko akaanza kumweleza, kwa sauti ya kupita kwenye kitambaa, jinsi madaktari wa Goma wanavyopanga foleni zao vibaya na jinsi ambavyo yeye angezipanga. Adelaïde aliendelea kupepeta, akimwitikia mara moja moja, na makapi yakipeperuka upande wa pili.